Kelele za mitambo ya upepo: halmashauri ipime nini kabla mwekezaji hajafika

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Mkoa wa Simiyu hauna shamba hata moja la kufua umeme kwa upepo. Hakuna mtambo wa aina hiyo unaozunguka katika halmashauri zake sita, yaani Mji wa Bariadi na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Hata hivyo, suala la namna halmashauri inavyopaswa kuutumia mwongozo wa tathmini ya kelele za mitambo hiyo linafaa kujadiliwa sasa, wakati ambapo hakuna mwekezaji mlangoni, hakuna fidia inayosubiriwa na hakuna mwananchi aliyekwisha kukasirika. Pale ambapo mjadala huu ulianza baada ya nguzo kusimama, gharama yake ilikuwa kubwa kwa Serikali, kwa mwekezaji na kwa wakazi.

Dalili za haja hiyo ziko jirani. Katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) linatekeleza mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 katika eneo la Ngunga, ambao awamu yake ya kwanza ni megawati 50. Mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati, uliofanyika Dar es Salaam tarehe 27 na 28 Januari 2025, ulizitaka nchi kuharakisha uunganishaji wa umeme kwa wananchi na kupanua vyanzo jadidifu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeondoa upungufu wa muda mrefu, lakini mgao wa mwishoni mwa mwaka 2022 uliotokana na kupungua kwa maji ulikumbusha kuwa mito pekee si tegemeo la kutosha. Upepo umo katika mipango ya Taifa. Maeneo ya Singida na Makambako yamekuwa yakitajwa kwa miaka mingi, na huko Mufindi mkoani Iringa mradi mdogo wa Mwenga wenye mitambo mitatu na uwezo wa megawati 2.4 ndio ulioitangulia mingine yote nchini.

Jua halipigi kelele. Upepo ukigeuzwa umeme hupiga, na hapo ndipo kazi ya halmashauri inapoanza.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mradi mkubwa kufanya Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanza ujenzi. Utaratibu wake, uliowekwa na Kanuni za mwaka 2005 na kurekebishwa mwaka 2018, unapitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Mradi husajiliwa, hadidu za rejea hupitiwa, mtaalamu mwelekezi huandaa taarifa, kamati ya wataalamu huipitia, na cheti hutolewa kwa ngazi ya Waziri mwenye dhamana ya mazingira. Kuhusu sauti yenyewe, zipo Kanuni za Usimamizi wa Mazingira za Viwango vya Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015. Kanuni hizo huweka ukomo wa desibeli kwa kuangalia aina ya eneo na saa za siku. Makazi yana ukomo wake, hospitali na shule zina wake, viwanda vina wake, na usiku daima ukomo huwa chini kuliko mchana.

Mwananchi anaweza kuuliza: kama cheti hutolewa ngazi ya Taifa na viwango vimekwisha kuwekwa na Kanuni, halmashauri ina kazi gani? Jibu ni kwamba ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Halmashauri ina Afisa Mazingira kwa mujibu wa Sheria hiyo hiyo. Ndiyo inayoshirikishwa katika ukusanyaji wa maoni, inayojua vitongoji viko wapi, inayosimamia mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji, na ndiyo ofisi ya kwanza ambayo mwananchi ataiendea siku atakapokosa usingizi. Mtaalamu mwelekezi anaondoka baada ya taarifa kukabidhiwa. Mtendaji wa Kijiji anabaki.

Tena Kanuni za mwaka 2015 ziliandikwa miaka kadhaa kabla ya mtambo wa kwanza wa Mufindi kuanza kuzunguka. Waandishi wake walikuwa na sababu ya kufikiria baa, kumbi za starehe, mashine za kusaga, migodi na viwanda. Ni vyanzo ambavyo vinaweza kuzimwa kwa swichi, na ambavyo kelele zake hazitegemei hali ya hewa. Mtambo wa upepo haufanani na hivyo, na mpimaji anayetumia utaratibu wa baa kuupima atapata namba isiyo na maana.

Kwa nini upepo ni somo gumu

Ugumu wa kwanza ni kwamba kinachozalisha kelele ndicho pia kinachoifunika. Upepo unapovuma kwa nguvu, majani ya mtama na miti hutoa sauti, bati la paa hulia, na sauti ya mapanga ya mtambo inaweza kumezwa na sauti hizo. Upepo ukiwa wa wastani, mtambo unazunguka lakini mazingira yametulia, na hapo sauti ya mapanga husikika wazi. Kwa hiyo kipimo kimoja kilichochukuliwa alasiri moja hakisemi lolote. Kinachotakiwa ni vipimo vya wiki kadhaa, vinavyolinganisha kila dakika kumi za sauti na kasi ya upepo wa dakika hizo hizo.

Ugumu wa pili ni usiku, na huu ndio unaozihusu zaidi nyanda za wazi kama za Meatu, Itilima na Maswa. Katika usiku usio na mawingu, ardhi hupoa haraka na hewa iliyo karibu nayo hutulia. Mtu aliyesimama uani hasikii hata upepo wa kutikisa jani. Mita 100 juu yake, kwenye kitovu cha mtambo, upepo unaweza kuwa unavuma kwa kasi ya kutosha kuyazungusha mapanga kwa nguvu zote. Chini kimya, juu kazi inaendelea. Watafiti wa Uholanzi walilionesha jambo hili zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na liliwalazimu wataalamu wa nchi nyingine kuacha kutumia kasi ya upepo iliyopimwa mita 10 kutoka ardhini kana kwamba inatosha kueleza kinachotokea juu. Taarifa ya tathmini itakayoletwa Simiyu ikiwa na kasi ya upepo wa mita 10 pekee, bila maelezo ya upepo wa kimo cha kitovu wakati wa usiku, inafaa kurudishwa kwa mwandishi wake siku hiyo hiyo.

Kuhusu ukubwa wa sauti yenyewe, hesabu ya kawaida inasaidia. Mtambo mkubwa wa kisasa hutoa nguvu ya sauti ya takriban desibeli 105 kwenye chanzo. Sauti hiyo hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, pamoja na kiasi kingine kinachonyonywa na hewa. Kwa mtambo mmoja, mkazi aliye mita 500 anapata kati ya desibeli 41 na 43, na aliye kilomita moja anapata karibu desibeli 35. Mitambo miwili inayofanana, iliyo umbali sawa na nyumba, huongeza desibeli 3. Hizi si sauti za kutoboa masikio. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika desibeli 60. Tofauti ni kwamba mazungumzo huisha, na sauti ya mapanga ina mapigo, ile hali ya kupanda na kushuka kila panga linapopita, ambayo sikio la mwanadamu hulifuatilia hata kama halitaki.

Hapa inafaa kukumbuka jambo ambalo kila Msukuma analijua. Ngoma za mashindano za Wagika na Wagalu baada ya mavuno zina kishindo kuliko mtambo wowote wa upepo ulio mita 500, na huvutia maelfu ya watu badala ya kuwafukuza. Watu wamezikaribisha, wanajua zitaanza lini na zitakwisha lini. Kipimo cha desibeli hakiwezi kuyaona hayo, na wataalamu wa tathmini hawapaswi kushangaa mwananchi anapolalamikia sauti ndogo ambayo hakuulizwa habari zake.

Namba ipi itumike

Nchi jirani zimeweka ukomo wa usiku kwa makazi ambao ni mkali. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 zinataka desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa majengo ya makazi, na Kanuni za Kenya za mwaka 2009 zinataka hivyo hivyo kwa nje ya nyumba za makazi. Taasisi za fedha za kimataifa zina mlango mwingine. Mwongozo wa Benki ya Dunia kuhusu nishati ya upepo wa mwaka 2015 unaelekeza kwamba hesabu ya awali ifanyike kwa nyumba zote zilizo ndani ya kilomita 2 kutoka mtambo wowote, na ikiwa sauti ya mitambo itabaki chini ya desibeli 35 upepo ukiwa na kasi ya mita 10 kwa sekunde, hesabu hiyo inatosha. Ikizidi, ndipo uchunguzi wa kina hufanyika, pamoja na kupima sauti iliyopo eneo hilo kabla ya mradi. Mradi wowote unaotafuta mkopo kwa masharti hayo utapita mlango huu, iwe halmashauri inaujua au haiujui. Ni afadhali iujue.

Uingereza, ambako halmashauri ndizo zilizobeba mzigo huu kwa muda mrefu, ilichapisha mwongozo wake mwaka 1996 chini ya jina ETSU-R-97. Mchana, ukomo ni kati ya desibeli 35 na 40, au desibeli 5 juu ya sauti ya kawaida ya eneo, ile iliyo kubwa ikichukuliwa. Halmashauri ndiyo inayoamua wapi kati ya 35 na 40 kwa kuangalia idadi ya nyumba zinazoguswa na kiasi cha umeme kitakachopotea. Usiku ukomo ni 43. Kwa mwenye nyumba aliye na maslahi ya kifedha katika mradi, ukomo hupanda hadi 45.

Msomaji ataona kitu cha ajabu: ukomo wa usiku uko juu kuliko wa mchana. Sababu ni namna ulivyokokotolewa. Waandishi walichukua desibeli 35 ndani ya chumba kama kiwango ambacho mtu anaweza kulala, wakaongeza 10 zinazozuiliwa na ukuta hata dirisha likiwa wazi, wakatoa 2 kwa sababu ya aina ya kipimo kinachotumika, wakapata 43. Kwa maneno mengine, mwongozo huo haumlindi mkazi akiwa uani usiku. Unamlinda akiwa kitandani, ndani ya nyumba ya matofali ya Uingereza.

Hilo ndilo jambo ambalo halmashauri zetu hazipaswi kulipokea kama lilivyo. Nyumba nyingi za vijijini Simiyu zina nafasi kati ya ukuta na paa ili hewa ipite, na katika miezi ya joto si ajabu kukuta familia imetandika nje. Desibeli 10 za ukuta wa Uingereza haziwezi kuhamishwa hadi Mwandoya au Luguru bila kupimwa kwanza. Kupima si kazi ngumu. Kifaa kimoja kinawekwa nje na kingine ndani ya nyumba chache za kila aina, za bati, za nyasi, za tofali za kuchoma, na tofauti inaandikwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo sharti la kwanza ambalo Afisa Mazingira anapaswa kuliomba liingizwe katika hadidu za rejea, kabla hata ya kujadili namba.

Denmark ina njia iliyonyooka zaidi. Nje ya nyumba ya vijijini, sauti haipaswi kuzidi desibeli 44 upepo ukiwa mita 8 kwa sekunde, na 42 ukiwa mita 6. Katika maeneo ya makazi ukomo ni 39 na 37. Juu ya hayo, nyumba ya jirani haiwezi kuwa karibu zaidi ya mara nne ya urefu wa mtambo. Faida ya kanuni ya namna hiyo ni kwamba mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuikagua kwa kamba ya kupimia. Hasara yake ni kwamba umbali peke yake haujui aina ya mtambo wala umbo la ardhi.

Kuhusu afya, ukweli usiongezwe wala kupunguzwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya wa mwaka 2018, lilipendekeza wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima kwa mitambo ya upepo, tena kama pendekezo lenye masharti, na halikutoa namba ya usiku kwa kuwa ushahidi haukutosha. Utafiti mkubwa wa wizara ya afya ya Canada uliotangazwa mwaka 2014, uliohusisha kaya 1,238, haukuona uhusiano kati ya sauti ya mitambo na magonjwa au usingizi uliopimwa, lakini uliona wazi kwamba kero huongezeka sauti inapoongezeka. Kero ni jambo halisi na si ugonjwa. Ofisa anayemwambia mwananchi kuwa kero yake ni ya kufikirika anakosea sawa na anayemwambia kuwa mtambo utaua mifugo yake.

Yaliyotokea Kenya

Jirani zetu wa kaskazini wametangulia, na mafunzo yao hayafanani. Huko Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, mradi wa megawati 60.8 uliokuwa na mitambo 38 ulisitishwa mwezi Februari 2016 baada ya upinzani mkali wa wakazi. Ardhi na fidia ndivyo vilivyokuwa chanzo kikuu, lakini hofu kuhusu afya ya watu na mifugo zilienea kwa kasi, na hazikukuta maelezo yaliyotangulia kufika. Kinangop ni eneo la wakulima wadogo wenye mashamba yaliyobanana. Kaskazini, katika Kaunti ya Marsabit, mradi wa Ziwa Turkana wenye mitambo 365 na megawati 310 ulijengwa katika eneo lenye watu wachache, na kelele hazikuwa hoja kubwa. Kilichousumbua ni ardhi: Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliona kuwa hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa utaratibu wa kisheria. Mradi wa Kipeto, Kaunti ya Kajiado, wenye megawati 100, ulichukua njia tofauti, ambapo familia zenye ardhi iliyopokea mitambo zilijengewa nyumba mpya na kulipwa kutokana na mapato ya umeme.

Simiyu ingefanana na upi? Mkoa una watu zaidi ya milioni 2.1 kwa Sensa ya mwaka 2022, na makazi yake kwa sehemu kubwa ni kaya zilizotawanyika, kila moja na shamba lake, zizi lake na mti wake wa kivuli. Si Marsabit. Kwa makazi, uko karibu zaidi na Kinangop, ingawa ardhi yake ni ya vijiji na si ya hati za mtu mmoja mmoja. Hili lina maana ya moja kwa moja kwa hesabu ya sauti. Duara lenye nusu kipenyo cha kilomita moja lina ukubwa wa hekta 314. Msingi wa mtambo mmoja na barabara yake havihitaji hata sehemu ndogo ya eneo hilo, na fidia kwa mujibu wa sheria zetu hulipwa kwa ardhi iliyotwaliwa na maendelezo yaliyomo. Anayeishi mita 600 hakutwaliwa kitu. Hana jina katika daftari la uthamini, hana malipo, lakini sauti inamfikia.

Yapo zaidi ya hayo. Tuseme halmashauri imekubali kuwa nyumba zisiwe karibu zaidi ya mita 500. Siku ya ujenzi sharti linatimizwa. Miaka mitano baadaye kijana wa kaya ile ameoa, na kwa desturi anajenga kwenye shamba la baba yake, mita 350 kutoka kwenye mtambo. Nani amevunja masharti? Akizuiwa kujenga, ardhi ya familia imepoteza thamani bila kulipwa. Akiachwa, mradi utaingia katika malalamiko yasiyokuwepo siku cheti kilipotolewa. Jambo hili haliwezi kutatuliwa na mtaalamu wa sauti. Linatatuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji unapopitisha mpango wa matumizi ya ardhi, ukiwa na ramani inayoonesha mstari wa sauti na si mstari wa msingi tu, na pengine na malipo ya kila mwaka kwa wenye mashamba yaliyofungwa na mstari huo.

Kinachoweza kufanyika bila kungoja upepo

Baadhi ya viongozi wanaweza kuona kuwa mjadala huu ni wa kuchora nyumba isiyo na kiwanja. Lakini stadi inayozungumzwa hapa inahitajika Simiyu leo. Mkoa huu ndio kinara wa pamba nchini, na viwanda vya kuchambua pamba hufanya kazi kwa msimu, mara nyingi usiku na mchana, baadhi vikiwa vimezungukwa na nyumba zilizojengwa baadaye. Reli ya kisasa ya kipande cha Mwanza hadi Isaka inapita Malampaka, Wilaya ya Maswa, ikileta swali la kelele na mitetemo kwa wakazi wa kandokando. Mji wa Bariadi tangu uwe makao makuu ya mkoa mwaka 2012 umekua, na pamoja nao kumbi, karakana za kuchomelea vyuma, mashine za kusaga na vipaza sauti. Mei 2023 NEMC ilipofunga baa na kumbi 89 katika miji kadhaa kwa sababu ya kelele, wananchi wengi walisikia kwa mara ya kwanza kuwa jambo hilo lina viwango vya kisheria.

Ni vyema pia kutenganisha dhamana, kwa kuwa mchanganyiko huwachosha walalamikaji. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) huangalia kelele zinazompata mfanyakazi ndani ya kiwanda. Kelele zinazomvukia jirani ni suala la Kanuni za mazingira. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutoa leseni ya kufua umeme, lakini haimpimii mwananchi desibeli uani kwake. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo kwa utaratibu wa sheria za Serikali za Mitaa, mradi zisipingane na Kanuni za kitaifa.

Kuna jambo moja linalohitaji kusemwa kwa uwazi. Mradi wa umeme huleta mapato kwa halmashauri kwa njia ya ushuru wa huduma, na huleta ajira, barabara na sifa. Halmashauri hiyo hiyo ndiyo inayoombwa kusema kama kelele zake zinakubalika. Hakuna ubaya katika kutaka mapato, lakini inafaa kipimo cha baada ya mtambo kuwashwa kifanywe na mtu asiyelipwa na mwenye mradi wala kutegemea ushuru wake, na matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji husika, kwa Kiswahili, namba zikiwa zimeelezwa.

Kipimo hicho cha pili ndicho kinachosahaulika. Taarifa za tathmini hujaa makadirio ya kabla ya ujenzi, kisha hakuna anayerudi kuangalia kama makadirio yalikuwa sahihi. Masharti ya cheti yanaweza kutaka vipimo vifanywe ndani ya mwaka wa kwanza, katika kiangazi na katika masika, na yaeleze kinachofuata endapo ukomo umezidi. Mitambo ya kisasa inaweza kupunguzwa kasi usiku kwa upepo wa upande fulani, kwa hasara ndogo ya umeme. Sharti la namna hiyo likiandikwa mapema, mwekezaji hulihesabu katika bei yake. Likiletwa baadaye, huishia mahakamani.

Kwa halmashauri inayotaka kuanza, hatua ya bei nafuu kuliko zote ni kujua kimya chake. Kifaa cha daraja la kwanza chenye kinga ya upepo, kikiwekwa kwa wiki mbili kiangazi na wiki mbili masika katika vijiji vichache vilivyo mbali na barabara kuu, kitatoa namba ambazo hakuna taarifa ya mwekezaji itakayoweza kuzipuuza. Masika yana vyura na nyenje, na kipimo kilichochukuliwa wakati huo peke yake kitaonesha kijiji chenye kelele ambacho hakipo kwa miezi saba ya mwaka. Kifaa si lazima kinunuliwe na kila halmashauri. Halmashauri sita zinaweza kuchangia kimoja kupitia Sekretarieti ya Mkoa, na kikatumika pia kwenye viwanda vya pamba na kumbi za mjini.

Mwananchi anayetaka kutoa maoni kuhusu kelele za mradi wowote uliopo au unaopendekezwa anaanzia kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, kwa maandishi, akitaja tarehe, saa na mahali. Barua hiyo hupelekwa kwa Afisa Mazingira wa halmashauri, na nakala inaweza kupelekwa ofisi ya kanda ya NEMC. Taarifa ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira ni nyaraka ya umma, na mwananchi ana haki ya kuomba kuisoma wakati wa kipindi cha maoni, ikiwemo ramani ya sauti kama mradi unayo. Kama mradi wa mitambo ya upepo hauna ramani hiyo, hilo lenyewe ni maoni yanayotosha kuandikwa.